Kusoma Bastola na Risasi Zake

Somo la redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima

Kabla ya somo kuanza, mwalimu wa darasa aandike ubaoni maneno haya: mtutu, silinda, tundu, kifyatulio, nyundo, ganda, fataki, baruti, kitako, mdeki. Wanafunzi wayasome kwa sauti mara mbili.

 

Tumezoea kusoma maandishi ya kitabuni, ya barua, na ya vibandiko vya dawa. Leo tutasoma maandishi madogo kuliko hayo yote, yaani yale yaliyogongwa juu ya chuma cha bastola na juu ya kitako cha risasi. Ni machache sana, pengine herufi tatu na tarakimu mbili tu. Lakini mtu asiyeyasoma anaweza kupoteza vidole vyake, au jicho lake, au mtoto wake. Kwa hiyo nawaombeni msikilize kwa makini.

Si kila mtu anahitaji bastola, wala somo hili halimshawishi mtu yeyote kuitafuta. Lakini wako watu waliopewa cheti cha silaha na serikali: mwenye duka apelekaye fedha benki, mtu akaaye shamba la mbali, au mlinzi ambaye kazi yake yamlazimu. Tena wako wake na waume na ndugu wa watu hao, wanaokaa nyumba moja na silaha hiyo. Somo hili ni lao wote.

CHETI KWANZA

Jambo la kwanza la kusoma si bastola, ni cheti. Katika Kenya mambo haya yamo katika Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Katika Tanzania yamo katika Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Kila nchi ina taratibu zake, lakini shina la sheria ni moja: mtu hawezi kuwa na silaha wala risasi bila ya kibali, na kibali hicho ni cha mtu mmoja kwa silaha iliyotajwa.

Chukua cheti chako, usome jina lako, aina ya silaha, na namba yake. Kisha utafute namba iliyogongwa kwenye chuma cha bastola. Zilinganishe tarakimu kwa tarakimu, kutoka kushoto hata kulia. Kama kuna tofauti hata ya tarakimu moja, usikae kimya. Nenda kituo cha polisi ukaeleze. Usome pia idadi ya risasi unazoruhusiwa, kama imetajwa, na tarehe ya mwisho wa kibali. Tarehe haimngojei mtu.

BASTOLA YA SILINDA

Bastola ya leo ni ile ya silinda, ambayo wengi huiita rivolva. Mmarekani Samuel Colt alipata hataza ya bastola ya namna hiyo nchini kwake mwaka 1836, na mpaka leo mpango wake wa kazi haukubadilika sana. Nyuma ya mtutu kuna silinda ya chuma. Silinda hiyo ina matundu, kwa kawaida matano au sita, na kila tundu hukaa risasi moja. Unapovuta kifyatulio, nyundo hurudi nyuma, silinda huzunguka hatua moja, na tundu moja hukaa sawasawa nyuma ya mtutu. Kisha nyundo huanguka, na risasi hulia.

Angalieni jambo moja. Ukivuta kifyatulio mara ya kwanza, tundu litakalolia si lile lililo chini ya nyundo sasa, bali ni lile linalofuata. Kwa hiyo mtu asiseme, "Tundu la juu ni tupu, basi bastola ni tupu." La! Bastola ni tupu pale tu matundu yote yanapokuwa matupu, na umeyaona kwa macho yako na kuyagusa kwa kidole.

Sasa zisikieni kanuni nne. Mwalimu aziandike ubaoni.

Ya kwanza: Kila bastola ihesabiwe kuwa ina risasi, mpaka uithibitishe mwenyewe.
Ya pili: Mdomo wa mtutu usielekezwe kwa kitu usichotaka kukiharibu.
Ya tatu: Kidole kikae nje ya kifyatulio mpaka umelenga na umekwisha amua.
Ya nne: Ujue kilicho mbele ya shabaha, na kilicho nyuma yake.

Hii ya nne husahauliwa sana. Ukuta wa udongo, mlango wa mbao au bati haviizuii risasi kila mara, na nyuma ya ukuta huo pengine amelala jirani.

RISASI IMETENGENEZWAJE?

Neno "risasi" katika lugha yetu lina maana mbili. Ni jina la madini mazito na laini, na tena ni jina la kitu kizima kitiwacho ndani ya bunduki. Kitu hicho kizima kina sehemu nne. Ganda ni kikopo kidogo, mara nyingi cha shaba nyeupe. Fataki ni duara dogo katikati ya kitako. Ndiyo ipigwayo ikatoa cheche. Baruti imo ndani ya ganda, nayo huungua na kuwa gesi yenye nguvu. Na mbele kuna kichwa, ambacho ndicho kitokacho mtutuni. Ganda hubaki nyuma ndani ya tundu.

Risasi ndogo ya .22 haina duara la fataki. Dawa ya cheche imewekwa ndani ya ukingo wa kitako kuzunguka pande zote. Watu huidharau kwa udogo wake, lakini kichwa chake chaweza kuruka zaidi ya kilomita 1. Si mchezo wa watoto.

KUSOMA JINA LA RISASI

Sasa tumefika penyewe. Tazama upande wa mtutu wa bastola. Hapo, au mahali pengine kwenye chuma, pamegongwa jina la risasi iliyotengenezewa bastola hiyo. Kisha igeuze risasi utazame kitako chake. Jina la kitako na jina la mtutu sharti yakubaliane. Kukaribiana hakutoshi.

Tuchukue mfano wa namba 38. Mbele yake kuna nukta, yaani sehemu 38 za mia moja za inchi. Mtu akisoma .38 tu akaishia hapo, amesoma nusu ya jina. Ni kama kuita "Juma!" sokoni, watageuka watu wengi.

Wa kwanza ni .38 SPECIAL. Juu ya kitako pengine huandikwa kwa kifupi, 38 SPL, yaani S, P na L. Hii ndiyo risasi iliyoenea sana kwa bastola za silinda, nayo ilianza kuuzwa mwishoni mwa karne ya 19. Ganda lake lina urefu wa milimita 29 na kitu.

Wa pili ni .38 S&W. Ganda lake ni fupi zaidi, karibu milimita 20, lakini ni nene kidogo. Bastola ya Enfield Namba 2, iliyochukuliwa na jeshi la Uingereza mwaka 1932, ilitumia risasi za jamii hii, na bastola nyingi za Webley za .38 vilevile. Mtu akirithi bastola ya zamani ya Kiingereza, kisha akanunua .38 SPECIAL kwa kuwa ameona tarakimu 3 na 8, amekosea. Tarakimu ni zilezile, lakini risasi si ile.

Wa tatu ni .357 MAGNUM, ambao jina lake halina 38 kabisa. Ulitolewa mwaka 1935. Kichwa chake ni kipana sawasawa na cha .38 SPECIAL, karibu milimita 9, lakini nguvu yake ni kubwa mno. Mpaka wa msukumo wa gesi wa .38 SPECIAL ya kawaida ni ratili 17,000 kwa kila inchi ya mraba, wa.357 MAGNUM ni ratili 35,000. Zaidi ya mara mbili! Ndiyo maana mafundi waliliongeza ganda lake urefu wa milimita 3 hivi, ili lisikae ndani ya silinda ya .38.

Shikeni kanuni hii: bastola iliyoandikwa .357 MAGNUM yaweza kupiga .38 SPECIAL. Bastola iliyoandikwa .38 SPECIAL haiwezi kupiga .357 MAGNUM. Mkubwa humbeba mdogo. Mdogo hambebi mkubwa. Na risasi isiyoingia kwa urahisi isilazimishwe kwa kusukumwa, wala isigongwe, wala isikatwe.

Tena iko alama ndogo ya kujumlisha pamoja na herufi P, hivi: +P. Maana yake ni kwamba baruti ya risasi hiyo ina nguvu kupita kawaida. Bastola ya zamani, au bastola ambayo kitabu chake cha maelezo hakiruhusu +P, isipewe risasi hiyo. Kama huna kitabu, muulize fundi wa silaha mwenye leseni, wala usimuulize rafiki.

(Kituo kidogo. Mwalimu aandike: .38 SPL, .38 S&W, .357 MAG, .38 SPL +P. Mwanafunzi mmoja mmoja asome na kueleza tofauti.)

KUCHAGUA

Baada ya kujua jina, inafuata swali la aina ya kichwa na uzito wake. Kwenye kisanduku utaona namba na herufi GR, yaani greni, kipimo kidogo cha uzito. Greni 158 ni kama gramu 10. Huo ndio uzito wa kawaida wa kichwa cha .38 SPECIAL, na bastola nyingi za zamani zilipimwa shabaha zake kwa uzito huo.

Mtu anayeanza achague risasi ya nguvu ya kawaida, isiyo na alama ya +P. Kwa mazoezi kichwa cha madini ya risasi kinatosha, na bei yake mara nyingi ni nafuu. Kuna pia kichwa kilichokatwa bapa mbele, cha greni 148, ambacho hutoboa karatasi ya shabaha tundu safi la mviringo. Rungu lake ni dogo mkononi, nacho humfaa sana mwanafunzi. Kwa risasi za kukaa tayari, wengine huchagua kichwa chenye shimo mbele, ambacho hufunguka kikipiga, kwa kutumaini kwamba hakitapenya mbali sana. Lakini tumaini si uhakika. Kwanza uulize sheria ya nchi yako inaruhusu aina gani, kisha upige chache uwanjani uone kama bastola yako inazipokea.

Kama bastola ni nyepesi na fupi, risasi kali si faida. Itauruka mkono, nawe utaanza kuiogopa. Tena kishindo chake chaweza kukivuta kichwa cha risasi nyingine kitoke kidogo kwenye ganda lake ndani ya silinda. Kikichomoza mbele, silinda haizunguki. Hapo bastola imekwama, na huenda ni saa uliyoihitaji.

Nunua kwa muuzaji mwenye leseni tu, katika kisanduku kilichofungwa. Usinunue risasi zilizojazwa upya na mtu nyumbani kwake. Nani ajuaye alimimina baruti kiasi gani?

IKILIA VIBAYA

Siku ya mazoezi, vaa miwani na kuziba masikio. Halafu sikiliza kila mlio. Ukivuta kifyatulio ukasikia kishindo hafifu, kama kizibo kilichochomoka chupani, ACHA! Usipige tena. Yawezekana kichwa kimekwama ndani ya mtutu. Risasi ya pili ikikikuta hapo, mtutu hupasuka. Toa risasi zote, upeleke bastola kwa fundi.

Ukivuta kifyatulio na kusiwe na mlio wo wote, usigeuze mtutu kuuchungulia. Uelekeze mahali salama, uhesabu polepole mpaka 30, ndipo ufungue silinda. Mara chache fataki huchelewa kuwaka.

KUSAFISHA

Baruti huacha masizi, na masizi huvuta unyevu. Katika mwambao wetu, upepo wa bahari una chumvi, na jasho la mkono lina chumvi vilevile. Chumvi na unyevu huzaa kutu. Basi safisha kila baada ya kupiga. Na hata kama hukupiga, ifute mara moja kila mwezi.

Vitu vinavyohitajiwa ni vichache: mdeki unaofaa mtutu wako, brashi ndogo ya shaba, vitambaa vya pamba, dawa ya kuyeyusha masizi ya bunduki, mafuta mepesi ya bunduki, na mswaki wa zamani. Usitumie mafuta ya nazi wala ya kupikia, hugeuka ulimbo. Mafuta ya taa huondoa uchafu, lakini hayalindi chuma kwa muda mrefu. Wala usisugue kwa majivu au msasa, maana utaondoa rangi inayozuia kutu.

Fuata hatua hizi.

1. Fungua dirisha. Elekeza mtutu mahali salama, fungua silinda, toa risasi zote. Hesabu matundu, uyaguse moja moja.
2. Peleka risasi chumba kingine. Mezani pasiwe na risasi hata moja.
3. Lowesha brashi kwa dawa, upitishe ndani ya mtutu mara kadhaa. Ukiingilia mbele, mdeki usisuguane na mdomo wa mtutu, kwa kuwa mdomo ukilika, shabaha hupotea.
4. Safisha kila tundu la silinda. Kama bastola ya .357 imepiga .38 nyingi, pete ya masizi hujengeka ndani ya tundu, na ganda refu hukataa kuingia.
5. Piga mswaki chini ya nyota ya kutolea maganda. Punje moja ya baruti hapo yatosha kuzuia silinda isifunge.
6. Pitisha vitambaa vikavu mpaka vitoke safi. Kisha kitambaa kimoja chenye mafuta kidogo.
7. Futa nje yote kwa kitambaa chenye mafuta, hasa mahali palipoguswa na mkono.
8. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula au kumshika mtoto. Madini ya risasi ni sumu, nayo huwadhuru watoto zaidi.

Mafuta yawe kidogo. Yakizidi hukusanya vumbi, tena hupenya ndani ya fataki na kuiua risasi. Na ile tabia ya kuifunga silinda kwa kuitikisa bastola kwa mkono mmoja, kama wafanyavyo watu wa sinema, hupinda mkono wa silinda. Ifunge taratibu, kwa mikono miwili.

Kama silinda inachezacheza nyundo ikiwa imevutwa, au vipande vya madini vinaruka kando wakati wa kupiga, matundu hayakai sawa na mtutu. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye leseni, wala si ya tupa yako.

KUHIFADHI

Bastola isihifadhiwe ndani ya ala ya ngozi. Ngozi hushika unyevu, nao hukila chuma. Ala ni ya kuchukulia tu. Iweke ndani ya sanduku la chuma lenye kufuli, lililokazwa ukutani au sakafuni. Risasi zifungiwe mahali pengine. Ufunguo usikae juu ya kabati, maana hakuna mahali pa juu ambapo mtoto hajapajua. Kidole cha mtoto mdogo ni dhaifu, lakini anavyo kumi, naye huvitumia vyote.

Risasi zikae mahali pakavu penye ubaridi, ndani ya kisanduku chake chenye maandishi. Usiziache ndani ya gari juani. Usizing'arishe kwa dawa ya kusugulia shaba, kwa kuwa baadhi ya dawa hizo zina amonia, na amonia huipasua shaba nyeupe. Zamani jeshi la Uingereza lilipokuwa India, maganda yalionekana yakipasuka wakati wa mvua. Baadaye, mwaka 1921, wataalamu walieleza kwamba amonia ndiyo iliyoyapasua. Risasi iliyoota kutu ya kijani, iliyobonyea au iliyolowa maji usiipige, wala usiitupe jalalani. Ipeleke polisi.

Na ikiwa nyumbani kuna ugomvi, au ulevi, au mtu aliyekata tamaa ya maisha, silaha haina kazi hapo. Iondolewe siku hiyohiyo, ikakabidhiwe kituo cha polisi mpaka mambo yatengenee. Hakuna aibu katika jambo hilo. Aibu ni kungoja.

Ndugu wanafunzi, mmeona kwamba sehemu kubwa ya somo hili ilikuwa kusoma: kusoma cheti, kusoma mtutu, kusoma kitako, kusoma kisanduku. Chuma hakina huruma kwa mtu asiyesoma, wala hakimpi nafasi ya pili. Mwenye kusoma hukagua kwanza, ndipo atende.

MASWALI YA DARASA

1. Taja sehemu nne za risasi, na kazi ya kila moja.
2. Bastola imeandikwa .38 SPECIAL. Kisanduku kimeandikwa .357 MAGNUM. Je, utazitumia? Kwa nini?
3. Cheti cha mtu kinaruhusu risasi 50. Nyumbani anazo 36. Aweza kununua ngapi?
4. Kwa nini hatuamini kwamba bastola ni tupu kwa kutazama tundu moja tu?
5. Umesikia mlio hafifu uwanjani. Eleza utakavyofanya, hatua kwa hatua.
6. Zungumzeni: katika nyumba yenye watoto, sanduku la silaha liwekwe wapi, na ufunguo ashike nani?

Kwaherini, ndugu wasikilizaji, mpaka somo lijalo.